Kabla ya Kufungwa Waya, Mjue Atakayekupasua

Ndugu msomaji, mtu wa mjini anapotaka kujenga hata nyumba ya vyumba viwili haanzi kwa kununua saruji. Huanza kwa kumtafuta fundi. Atauliza mtaani ni nani aliyejenga nyumba ile ya kona, kama kuta zake zimepasuka au la, kama fundi aliimaliza kazi au aliitelekeza bila paa. Atakwenda kuitazama kazi kwa macho yake, na wala fundi hataudhika, kwani anajua kwamba nyumba ni ya mwenyewe. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa kwamba mwili wake unahitaji kupasuliwa, hunyamaza. Huinamisha kichwa na kusema, "Wewe ndiye daktari, nitafuata utakavyosema." Makala haya yanahusu ukimya huo, na sababu zilizonifanya mimi niuvunje.

Nina umri wa miaka 34. Taya langu la chini limetokeza mbele kupita la juu, hata meno ya mbele ya chini hukaa nje ya yale ya juu, kinyume cha ilivyo kwa watu wengi. Huu si ugonjwa wa kumlaza mtu kitandani. Lakini meno ya mbele yasipokutana, huwezi kung'ata kipande cha mkate. Hukimega kwa mkono. Muhindi wa kuchoma huupukuchua punje kwa punje kama anayelisha kuku. Nyama hutafunwa na magego peke yake, na magego yanayofanya kazi ya kinywa kizima huchakaa kabla ya wakati wake. Yangu mawili yamekwisha kulika.

Nilipomweleza mama yangu kwamba nafikiria kutibiwa, aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Mwanangu, hilo ni taya la marehemu babu yako, na mimi ninalo. Limekukosea nini?"

Ni swali la haki, nami sikulijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba maumbile haya hurithiwa. Ukoo wa kifalme wa Habsburg huko Ulaya ulijulikana kwa taya la namna hii, na Mfalme Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700, husimuliwa kuwa alipata taabu kutafuna. Nilimwambia mama kwamba siukatai uso wa babu. Ninachotaka ni kutafuna. Nilimwambia pia kwamba binti yangu, mjukuu wake, ana miaka 9 na ameanza kuonyesha dalili hizo hizo. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, madaktari wana njia za kujaribu kuuongoza ukuaji huo, na ndiyo maana inafaa apelekwe kuangaliwa mapema. Kwa mtu mzima kama mimi mlango huo umekwisha kufungwa. Unabaki uamuzi wa kupasuliwa au kutopasuliwa.

Hapa yafaa nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana bila kuielewa huwezi kuona kwa nini uchaguzi wa daktari una uzito mkubwa. Nyaya za meno husogeza meno. Haziwezi kulisogeza taya la mtu mzima. Sasa, taya linapotokeza, meno nayo kwa muda wa miaka mingi hujaribu kuificha kasoro hiyo. Ya juu huinama kwenda nje na ya chini huinama kwenda ndani, kila upande ukitafuta kuufikia mwenzake. Daktari wa kupanga meno akijua kwamba upasuaji utafuata, huyaondoa maficho hayo. Huyasimamisha meno sawasawa juu ya mfupa wake, ili siku taya litakaposogezwa, meno ya juu na ya chini yakutane barabara. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu, pengine zaidi. Ndipo daktari wa upasuaji hukata mfupa, hulisogeza taya, na kulifunga kwa vibati vidogo na skrubu za titaniamu. Baada ya hapo nyaya hubaki mdomoni miezi kadhaa tena, kwa ajili ya kumalizia.

Lakini ikiwa hakuna upasuaji, daktari wa kupanga meno hufanya kinyume kabisa. Huyainamisha meno zaidi, ili kasoro ya mifupa isionekane. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba njia hizi mbili huachana tangu waya wa kwanza. Aliyeianza njia ya upasuaji kisha akakosa wa kumpasua hujikuta katikati ya mto: meno yake hayakutani hata kwa kiasi kile cha zamani, na ng'ambo bado hajaifikia.

Daktari wa kupanga meno niliyemwendea hapa Dar es Salaam, mama mmoja mtaratibu, alimaliza kuzitazama picha zangu za eksirei, akazima taa, akaniambia neno ambalo ningependa kila msomaji alishike. "Dada, sitakufunga hata waya mmoja mpaka nijue ni nani atakayekupasua. Mimi natayarisha shamba, yeye ndiye mpandaji. Lazima tukubaliane mistari kwanza."

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, Marekani, alieleza jinsi alivyolikata taya la chini la msichana aliyeharibiwa umbo na majeraha ya moto. Mwaka 1901 René Le Fort wa Ufaransa alieleza, baada ya kuchunguza maiti, mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia inapopigwa. Hadi leo taya la juu hukatwa kwa kufuata mmoja wa mistari hiyo, na jina lake limebaki katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Na mwaka 1955 Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, alitangaza njia ya kuupasua mfupa wa taya la chini kutokea ndani ya kinywa. Mfupa hugawanyika kama mbao mbili zilizolaliana, ubao mmoja ukateleza juu ya mwingine, na shavuni pasibaki kovu.

Hata hivyo, ndani ya mfupa huo huo hupita mshipa wa fahamu unaouletea hisia mdomo wa chini na kidevu. Mpasuaji hufanya kazi yake kando kabisa ya mshipa huo. Baada ya upasuaji, wagonjwa wengi husikia ganzi mdomoni na kidevuni. Kwa wengi ganzi hupungua kwa muda wa miezi, lakini kwa baadhi hubaki maisha, hasa kwa waliopasuliwa umri ukiwa umesogea. Ndiyo sababu sikuwa tayari kumkabidhi taya langu mtu kwa kusikia sifa tu.

Nilikwenda kwa daktari wa kwanza. Alikuwa mtu mwenye jina kubwa, na wagonjwa walikuwa wamejipanga mpaka nje. Alinitazama kwa dakika chache akasema, "Hii ni kazi ndogo. Usiwe na wasiwasi." Nilipomuuliza ni mara ngapi amefanya upasuaji wa namna hii, alicheka kwa upole. "Mama, mimi nimeunga mataya mengi kuliko siku ulizoishi."

Sikuwa na sababu ya kutomwamini, ila hakuwa amelijibu swali langu. Madaktari wetu wa upasuaji wa kinywa na uso wanafanya kazi kubwa, na taifa linawiwa shukrani nao. Kila siku wanaunga mataya yaliyovunjwa katika ajali za pikipiki, na wanaondoa uvimbe uliokwisha kula nusu ya uso wa mtu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinawafundisha wataalamu hao hapa hapa nyumbani. Lakini kuunga taya lililovunjika ni kuurudisha mfupa mahali ulipokuwa. Kazi niliyoitaka mimi ni kuupeleka mfupa mahali ambapo haujapata kukaa, kwa vipimo vya milimita. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kazi ya kwanza akawa ameifanya ya pili mara chache tu. Hilo si aibu yake. Ni jambo ambalo mgonjwa anastahili kulijua.

Shemeji yangu mmoja alinishauri niende India, kama wafanyavyo Watanzania wengi. Niliandika barua katika hospitali moja ya huko, na jibu lilikuja upesi likiwa na bei iliyojumuisha hata malazi. Sikuipuuza njia hiyo, kwani ziko hospitali huko ambazo kazi hii ni ya kila wiki. Lakini tulipokaa na mume wangu tukapiga hesabu kwa kalamu, tuliona jambo moja. Upasuaji huchukua saa chache, bali uangalizi huchukua miezi. Kuna mipira midogo ya kuvutia meno inayohitaji kubadilishwa na kukaguliwa. Kuna uwezekano wa kidonda kupata wadudu, au kibati kulazimika kutolewa. Nikirudi nyumbani kwa ndege, ni nani atakayenipokea kinywa changu kikiwa katika hali hiyo? Msomaji anayetaka kwenda nje asikatishwe tamaa na maneno yangu, ila awe na jibu la swali hilo, kwa jina na kwa maandishi, kabla ya kununua tiketi.

Daktari wa tatu hakuwa na maneno mengi. Kabla ya kunieleza lolote aliuliza, "Wewe mwenyewe, kinachokusumbua ni nini?" Nikamweleza habari za mkate na muhindi. Akauliza kama nakoroma usiku. Nilishangaa, naye akaeleza kwamba taya la chini likirudishwa nyuma sana, njia ya hewa nayo huweza kupungua upana. Kwa hiyo huenda ikafaa zaidi kulileta la juu mbele, au kugawana kazi kati ya mataya yote mawili. Kisha alichukua mfano wa meno yangu uliotengenezwa kwa plasta, akausogeza kwa vidole, akanionyesha ni nini kitakwenda wapi.

Nilimuuliza swali lile lile. Alinitajia idadi yake bila kuzungukazunguka, na haikuwa kubwa. Akaniambia pia ni wangapi kati ya hao waliobakiwa na ganzi. Akaongeza kwamba siku ya kazi atasimama pamoja na mwenzake aliyemtangulia katika upasuaji huu. Mwisho alisema jambo ambalo wa kwanza hakulisema: "Na ukiamua kuacha, unaweza kuacha. Tutayatunza magego yako, na utaishi."

Nikamwomba nizungumze na mtu aliyekwisha kupasuliwa naye. Hakukasirika. Alisema atamwomba mgonjwa ruhusa kwanza, na baada ya siku chache nikapigiwa simu na dereva mmoja wa lori. Nilimuuliza kuhusu mdomo wake. "Dada yangu, upande wa kushoto hapa chini bado hausikii chai ya moto. Nimejifunza kuipoza. Lakini mishikaki naikata kwa meno kama mtu yeyote." Maneno ya dereva yule yalinisaidia kuliko sifa zote nilizozisikia, kwa sababu yalikuwa na pande mbili.

Huyo wa tatu ndiye niliyemchagua. Ili msomaji mwenye jambo kama langu asianze safari akiwa gizani, nampa maswali niliyoyaandika katika daftari na kuyapeleka kwa kila daktari.

Kwanza, uliza kama amesajiliwa, na kwa utaalamu upi. Kwa upande wa Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili madaktari, pamoja na wale wa meno. Zanzibar ina baraza lake. Kuuliza huko si kumtuhumu mtu.

Pili, uliza ni mara ngapi amefanya upasuaji huu hasa, si upasuaji wa taya kwa jumla, na waliopata matatizo ni wangapi.

Tatu, uliza ni taya lipi litakalokatwa, au ni yote mawili, na kwa sababu gani. Na pumzi yako itakuwaje.

Nne, uliza kama yeye na daktari wa kupanga meno wamekaa pamoja wakaandika mpango mmoja. Kama hawajawahi hata kupigiana simu, ujue kwamba wewe ndiwe utakayekuwa mjumbe baina yao, na mjumbe huyo hajui lugha ya ujumbe anaoubeba.

Tano, uliza kuhusu magego ya mwisho. Mara nyingi yale ya chini hung'olewa miezi kadhaa kabla, ili mfupa upate kujaa mahali patakapokatwa. Jambo hili likisahauliwa, tarehe ya upasuaji huenda ikasogezwa.

Sita, uliza ni nani atakayetoa dawa ya usingizi, na usiku wa kwanza utalazwa wapi. Uso huvimba sana na kinywa huweza kufungwa kwa mipira, kwa hiyo mgonjwa huhitaji macho ya muuguzi karibu.

Saba, uliza gharama yote: picha, vibati, kitanda, dawa, mahudhurio ya baadaye. Kama una bima, omba jibu lao kwa maandishi, maana nyaya na upasuaji huweza kuhesabiwa kuwa mambo mawili tofauti.

Nane, uliza itakuwaje usipopasuliwa. Daktari asiye na jibu la swali hili amekwisha kukuamulia.

Wafanyakazi wenzangu wataniuliza juu ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa kutoa cheti cha daktari. Mfupa huhitaji kama wiki sita kushikana vya kutosha, nami nimekwisha kuzungumza na mhariri wangu mapema. Katika wiki hizo chakula ni uji, supu iliyochujwa, mtori uliolainishwa, maziwa na maji ya matunda. Familia nayo lazima ijiandae, kwa sababu mwenye kuvimba uso na kushindwa kusema hawezi kusimamia jiko wala kumsomesha mtoto masomo ya jioni. Mume wangu na mimi tumegawana kazi hizo kwa maandishi, na dada yangu wa Morogoro ameahidi kuja.

Leo nina miezi 14 na nyaya. Kama nilivyoelezwa, taya langu sasa linaonekana limetokeza kuliko zamani. Jirani yangu mmoja alinishika mkono kwa huruma akasema, "Shoga, hizo nyaya zimekuharibu. Si ungeacha tu?" Nisingalikuwa nimeelezwa mapema na madaktari wote wawili, maneno yale yangalinikosesha usingizi. Lakini nilikuwa nimeuona mpango, nikijua kwamba hatua hii imo ndani yake. Nilimweleza jirani kwa kutumia vidole vya mikono miwili, akaelewa, akacheka.

Sisemi kwamba hofu imekwisha. Tarehe imepangwa, na usiku mwingine huamka nikagusa mdomo wangu wa chini, nikijiuliza kama baada ya siku hiyo nitambusu mwanangu na kulisikia shavu lake. Hakuna daktari aliyeniahidi hilo, na yule niliyemchagua alikataa kuahidi hata nilipomsihi. Mama bado haupendi uamuzi huu. Hata hivyo juzi aliniletea mashine ya kusagia matunda, akaiweka mezani bila kusema neno, nami nikampa shikamoo ya pili siku hiyo.

Basi, ndugu msomaji, simshauri mtu yeyote apasuliwe taya, wala simkatazi. Wako watu wengi wenye taya kama langu wanaoishi kwa raha na kuzeeka nalo, na mama yangu ni mmoja wao. Ninachoshauri ni kwamba anayeamua kwenda, amjue kwanza mtu atakayeshika kisu, na ayajue hayo kabla waya wa kwanza haujafungwa, wakati bado ana uhuru wa kusema hapana. Wazee walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza kwa adabu, uliza kwa daftari, uliza tena pale usipoelewa. Daktari anayekasirishwa na swali kabla ya upasuaji, hutazamii awe na subira na malalamiko yako baada yake.